Shajara ya mradi: kitomeo cha "set" na ukoo wake

12 Januari

Shule zimefunguliwa. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili sasa yuko kidato cha kwanza, na ukitoa kipindi cha Kiswahili, karibu kutwa nzima anafundishwa kwa Kiingereza. Maneno marefu hayamsumbui sana. "Photosynthesis" ina mwalimu wa kuieleza, ina mchoro, ina ukurasa wake. Yanayomwangusha ni yale ya herufi tatu nne ambayo hakuna anayesimama kuyaeleza, kwa kuwa mwalimu wa kemia anaamini mwenzake wa Kiingereza alishayamaliza, na wa Kiingereza naye anaona hayo ni ya kemia. Kijitabu chetu ni cha maneno hayo tu.

Leo tumegawana kazi. Mwenzangu, mwalimu wa hisabati, kachukua "run" na kuniachia "set", akicheka kwamba kanibebesha mzigo. Kwa miaka mingi angekuwa sahihi. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, kitenzi "set" ndicho chenye kitomeo (neno pamoja na maelezo yake) kirefu kuliko vyote: maana zaidi ya 430, maneno kama 60,000 ya maelezo. Kijitabu chetu chote hakitafika hata robo ya hapo. Ila kamusi ile inarekebishwa upya kidogo kidogo, na katika toleo hilo "put" lilishika nafasi ya kwanza mwaka 2007, kisha Machi 2011 "run" likaja na maana 645 za kitenzi peke yake. Mhariri wake, Peter Gilliver, alikaa nalo miezi tisa.

Nilimsomea mwenzangu habari hiyo. Akauliza kama tunaweza kubadilishana. Nimekataa.

20 Januari

Kukusanya mifano. Sitaki mifano ya kutunga mezani, kwa hiyo ninapitia vitabu vya kiada na karatasi za mitihani ya zamani nikiwa na kalamu nyekundu. Kemia: "set up the apparatus". Fizikia: "set the stopwatch to zero". Hisabati: "the set of even numbers". Jiografia ina "sunset" na "settlement". Historia ina "settlers" kila ukurasa unaohusu Kenya. Uraia una "rules set by the court". Biolojia ina mfupa uliovunjika ambao daktari anau-"set". Kwenye hadithi za somo la Kiingereza kuna mtu anayewasha nyumba, mwingine anayetega ndege, mwingine anayeondoka alfajiri, na wote watatu wana-"set" kitu.

Pembeni mwa kila mfano nimeandika kile ambacho mtu wa kwetu angesema bila kujiuliza mara mbili. Saa hurekebishwa. Kengele ya simu hutegeshwa, mtego hutegwa. Mtihani hutungwa. Meza huandaliwa, na kwa watu wa pwani hutandikwa. Tanga hutwekwa, kito hupachikwa kwenye pete, mfupa huungwa, bei hupangwa, nyumba hutiwa moto, mfungwa huachiwa huru, hukumu ya mahakama ya chini hutenguliwa, safari hufungwa, jua huchwa. Nimesoma orodha kutoka juu hadi chini. Ukiacha hao ndugu wawili, tega na tegesha, hakuna kitenzi kilichojirudia.

Na "weka", ambalo ndilo lingekuja kwanza kichwani mwa yeyote, limenifaa mara chache kuliko nilivyotarajia.

2 Februari

Kamusi nyingi za lugha mbili zinapofika hapa hufanya jambo moja: huandika weka, panga, tega, tunga, andaa, tia, zinaweka mkato kati yake, zinaendelea na neno linalofuata. Mtoto akifungua huchukua la kwanza. Ndipo unapopata "mwalimu aliweka mtihani" na "mabaharia waliweka tanga", sentensi ambazo bibi yake angemwuliza tanga wameliweka wapi.

Kwa hiyo nimeamua kuacha namba za maana. Kiswahili huchagua kitenzi kwa kutazama kitu kinachofanyiwa, si kwa kutazama kitendo. Mwanafunzi haulizwi hii ni maana ya ngapi. Anaulizwa baada ya "set" kuna nini. Kuna "trap"? Tega. Kuna "exam"? Tunga. Kuna "sail"? Tweka. Safu ya kushoto ya kitomeo itakuwa na majirani wa neno, ya kulia kitenzi chetu. Mwenzangu anaona ni kazi ya kukariri tu. Nimemjibu kwamba mtoto hakariri safu ya kulia. Anaijua tangu alipokuwa na miaka mitano. Anachojifunza ni kwamba wageni wana neno moja kwa mambo ambayo yeye tayari anayatofautisha.

Jambo moja limenifurahisha nikiwa napanga safu. Mtego na kengele ya simu vimekaa pamoja kwenye "tega" na "tegesha", kwa kuwa vyote viwili huandaliwa sasa vifanye kazi baadaye, mwenyewe akiwa hayupo au amelala. Kitendawili nacho hutegwa. "Kitendawili!" "Tega!" Kiingereza nacho husema "set a riddle". Kwa hiyo si kwamba majirani hawa wamekaa ovyo. Kuna vikundi, ila vikundi vinaonekana baada ya kupanga vitu, si kabla.

11 Februari

"Set" isiyo na mtendwa imenisumbua wiki hii. "The sun sets." "The jelly sets." "The concrete sets." Hapa hakuna jirani upande wa kulia wa kumwuliza.

Nimekwenda kwenye jengo linaloinuka mtaa wa pili nikamsalimia fundi mkuu. Nikamwuliza zege likiacha kuwa uji wanasemaje.

"Limeshika."

"Na likishakuwa gumu kabisa, fundi?"

"Limekomaa. Ndiyo maana tunalimwagia maji kila siku. Ukiliacha likauke na jua halikomai, linapasuka."

Wahandisi wa Kiingereza wana tofauti hiyohiyo, "setting" na "hardening", na wanaipima. Kiwango cha Ulaya cha EN 197-1 kinataka saruji ya daraja la 42.5 isianze kushika kabla ya dakika 60, na ya 32.5 kabla ya dakika 75. Muda huo ndio unaompa fundi nafasi ya kuchanganya, kubeba, kumwaga na kusawazisha. Na hautokani na bahati: kiwandani husagwa jasi kidogo pamoja na klinka, yaani madonge yanayotoka tanuruni, jasi kama ile inayochimbwa Makanya wilayani Same, na bila hiyo jasi saruji ingeshika ikiwa bado kwenye karai. Nimemwambia fundi habari ya dakika. Akasema yeye hatazami saa, anatazama mwiko.

Mafuta ya nazi huganda, jeli huganda, gundi hushika, mashapo ya majini hutua, jua hutua au huzama au huchwa kutegemea unatoka wapi. Vyote hivi vilikuwa vinasogea au vinatiririka, sasa vimetulia mahali pake. Hilo ndilo swali la pili la kitomeo: kama baada ya "set" hakuna kitu, jiulize ni kipi kilichokuwa kinasogea na sasa kimekoma. Kwenye kijitabu nitaweka zege na jua tu. Jeli, watoto wengi ninaowajua hawajawahi kuipika.

20 Februari

Leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri: sarufi.

Kiingereza cha kale, miaka elfu na zaidi iliyopita, kilikuwa na "sittan", kuketi, na "settan", kuketisha. Hivyo "set" ni "sit" iliyotiwa kauli ya kutendesha. Lugha mama ya Kijerumani na Kiingereza ilikuwa na kiambishi cha mwishoni kilichofanya kazi ileile ya -sha yetu. Kiambishi hicho kilimomonyoka, lakini kabla ya kutoweka kilikuwa kimeshaipinda irabu ya katikati, na kilichobaki leo ni tofauti ya i na e ambayo Mwingereza mwenyewe hajui imetoka wapi.

Na si jozi moja. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha, neno ambalo siku hizi limebaki kwa wakata miti. "Rise" ni kuinuka na "raise" ni kuinua, hii ya pili ikiwa imeletwa na Wanorwe wa kale. "Bite" ni kuuma, na "bait", chambo, nayo ya Wanorwe, hapo mwanzo ilikuwa ni kufanya kitu kiume. Ninayoipenda zaidi ni "drink" na "drench": kunywa na kunywesha. Kwa kawaida "drench" leo ni kulowesha chapachapa, lakini madaktari wa mifugo wameitunza maana ya kale. Mfugaji akimnywesha ng'ombe dawa ya minyoo, kwa Kiingereza ana-"drench" ng'ombe.

Mtoto wa kidato cha kwanza wa Kiswahili analijua jambo hili kuliko mtoto wa London. Yeye bado ana kiambishi chake kizima. Keti, ketisha. Lala, laza. Anguka, angusha. Nywa, nywesha. Mwalimu anayehangaika kila mwaka kueleza kwa nini "I lay the book" si sawa na "I lie on the bed" angeweza kuandika laza na lala ubaoni akaendelea na mengine. Nimeomba ukurasa mzima wa kijitabu kwa jozi hizi. Nitaugombania.

Jua lina habari yake hapa. Kama "set" ni kuketisha, kwa nini jua linaketi lenyewe? Kiingereza cha kale kiliita machweo "setlgang", mwendo wa kwenda kitini. Jua lilikuwa na kiti chake upande wa magharibi, likienda kukaa.

3 Machi

Ukoo. Wataalamu wa lugha za Ulaya na India wanaunganisha haya yote kwenye mzizi mmoja wanaouandika "sed", kukaa. Nilidhani nitatumia jioni moja. Nimetumia zaidi, na sijuti.

Nimeanza na maneno ya nyumbani kwao. "Seat" ni kiti. "Settle" ni kutulia mahali, kulowea; ndiko walikotoka wale "settlers" wa kitabu cha historia, walowezi, ambao Wakenya wengi huwaita masetla bila kutafsiri. "Saddle" ni tandiko la mnyama, na hapa nilisimama kidogo: Lamu mtu hutandika punda na hutandika meza kwa kitenzi kimoja, na Mwingereza ana "saddle" kwa punda na "set" kwa meza, mtu na binamu yake. "Nest", kiota, ni maneno mawili yaliyoungana, chini na kukaa, mahali pa kukalia. "Soot" ni masizi, kitu kilichotulia juu ya kenchi na vyungu.

Kisha yale yaliyopita Kilatini, na haya ndiyo yanayojaa kwenye kitabu cha uraia. "Session" ni kikao. "Resident" ni mkazi. "President" ni anayeketi mbele ya wenzake. "Assessor" ni anayeketi ubavuni: mzee wa baraza, yule anayekaa na jaji au hakimu kumpa maoni. "Assess", kutathmini, imetokana na kazi ya mtu huyo. "Subsidy", ruzuku, ilikuwa kikosi cha askari kilichokaa nyuma kikisubiri kuitwa kuwasaidia walio mbele.

Tazama safu yetu. Kikao, mkazi, makazi, makao makuu, mkao, kukalia, kukalisha, na makalio ambayo mpangaji kurasa ameomba nisiyatie kwenye kijitabu cha shule. (Nitayatia. Kiingereza nacho huita sehemu hiyo "seat", na ile ya suruali vilevile.) Kilatini kilitoka kwenye kukaa kikafika kwenye mkutano na makazi, Kiswahili kimetoka kwenye kaa kikafika palepale bila kuulizana. Baraza nalo lilikuwa kibao cha mawe na chokaa nje ya nyumba za Unguja na Lamu, wazee wakikaa jioni kunywa kahawa; leo kuna Baraza la Mawaziri. Mwenyekiti ni mwenye kiti, na "chairman" ni mtu wa kiti. "Chair" yenyewe, kwa njia ndefu ya Ufaransa, ni "kathedra" ya Kigiriki iliyotoka kwenye mzizi uleule. Kanisa la Mkunazini, Unguja, linaitwa "cathedral" kwa sababu kiti cha askofu kimo ndani yake.

Kukaa kunaweza kuwa uadui pia. "Siege" ni kuuzingira mji: jeshi linakuja, linakaa, haliondoki. "Obsess" kwa Kilatini ilikuwa hivyohivyo, kukaa mbele ya mji wa adui, kabla ya kuwa wazo linalokaa kichwani mwa mtu. "Possess" ni kukaa kama bwana. Sisi tunasema nchi imekaliwa kimabavu, tukimaanisha jambo hilohilo. Na "possess" ikisemwa ya pepo, kwenye ngoma za pwani yule aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Mganga haulizi pepo amemmiliki nani. Anauliza kiti chake ni nani. Sijui mfano mwingine uliokaa sawa kuliko huu, na nina wasiwasi kwamba hautapita kwenye kijitabu cha shule za serikali.

Limebaki la sokoni. Mahakama za Uingereza zilizokuwa zikizunguka wilayani ziliitwa "assizes", vikao, na ziliendelea hadi zilipofutwa rasmi mwaka 1972. Neno hilo lilitumika pia kwa amri zilizotoka kwenye vikao, zikiwamo za kupanga uzito wa mkate na bei ya pombe. Kutokana na amri za vipimo likapatikana "size", kipimo, na kutokana na "size" tukapata saizi. Yule anayekunjua jinzi kwenye mtumba na kuuliza "saizi yako ngapi, kaka?" anatumia mabaki ya mahakama.

14 Machi

Nilikuwa nimeiacha nomino makusudi, kwa sababu nomino ni ya nyumba nyingine.

"Set" ya vikombe, ya namba, ya watu wa aina moja, haikutoka kwenye kukaa peke yake. Ilikuja na Wafaransa, nao waliirithi kwenye Kilatini "secta", wafuasi, kutoka kitenzi cha kufuata. Kisha ikaishi jirani na kitenzi "set" hadi zikachanganyika, na leo hata wenye kamusi kubwa hawatenganishi kila maana kwa urahisi. Ndugu zake halisi wa upande wa Kilatini ni "sect", dhehebu, na "suit". Suti ya bwana harusi ni koti na suruali zinazofuatana, kitambaa kimoja. "Second" ni ya pili kwa kuwa inafuata ya kwanza, na sekunde ni mgawanyo wa pili wa saa baada ya dakika. Kwa hiyo bwana harusi aliyevaa suti na kukodoa macho kwenye sekunde za saa akisubiri, wakati shangazi anapanga seti ya vikombe, ana maneno matatu ya mzizi mmoja, na hakuna hata moja la Kiswahili wala lisilo la Kiswahili tena.

Seti ya hisabati imeleta mjadala. Mwenzangu anasema wanafunzi wake hawana shida na seti, seti tupu, michoro ya Venn. Shida ni pale wanapodhani "set" ya kemia nayo ni hiyo. Somo lenyewe ni jipya kuliko tunavyofikiri. Mwanahisabati Georg Cantor alichapisha makala yake ya kwanza ya fani hii mwaka 1874, na seti Wajerumani huiita "Menge", kitu kama wingi au kundi kubwa. Kwenye shule za Afrika Mashariki seti ziliingia na hisabati mpya ya miaka ya 1960. Warsha za hisabati za Entebbe, Uganda, zilizoanza 1962, ziliandika vitabu vilivyozipa nafasi tangu mwanzo. Kabla ya hapo mtoto alijifunza hesabu bila kuambiwa namba zinakaa kwenye seti.

Michezoni ni rahisi. Watangazaji wa mpira wa wavu wanasema seti tatu kwa moja, kila mtu anaelewa: pointi 25, na ya tano pointi 15, mradi mshindi awe mbele kwa mbili. Hapa sitatafsiri chochote.

27 Machi

Vimelea, yaani maneno yanayojifanya ndugu. "Asset", rasilimali, haimo kwenye ukoo kabisa. Ni neno la kisheria la Kifaransa lenye maana ya "ya kutosha", mali ya marehemu inayotosha kulipa madeni yake. Ilionekana kama wingi, wakakata mwisho wakabaki na "asset". "Upset" kwa upande mwingine ni ndugu halali mwenye tabia ya ajabu: karne ya 15 ilimaanisha kusimamisha, leo ni kupindua, kutibua. "Beset" ni kuzingira, na "onset" ni kuanza kwa shambulio au kwa mvua. "Reset" tayari tunayo. Simu ikigoma, kijana wa kibanda cha simu anairiseti na data zako zinaondoka.

Nimesikiliza mtaa kwa makusudi, kwa kuwa mtoto huja darasani akiwa na seti yake. Saluni wanaseti nywele: wanaosha, wanaviringa rola, wanakukalisha chini ya mashine ya joto. Dada mmoja msusi aliniambia kuseti si kusuka wala si kuchana, ni "kuziambia nywele zikae hivyo". Vijana wanaseti mitambo, wakiwa na mpango ambao hawataki usikike. Simu ina mipangilio kama umechagua Kiswahili, na setingi kama hukuchagua. Fundi redio anaseti stesheni. Katika vyote hivi seti ya mtaani ina maana finyu zaidi ya ile ya Kiingereza: kupanga kitu ili kikae hivyo hadi utakapokigusa tena. Nimeipa sehemu yake kwenye kitomeo, ikiwa na alama ya lugha ya mazungumzo. Mwalimu wa Kiswahili aliyetusaidia kupitia alipinga. Alikuwa amevaa nywele alizoseti jana yake.

9 Aprili

Jaribio darasani. Tuliwapa kidato cha kwanza sentensi kumi, nusu ya darasa wakiwa na kitomeo cha namba na nusu wakiwa na kitomeo cha majirani. Sitaandika takwimu, darasa lenyewe ni dogo na mwalimu wao alikuwa akipita kati ya madawati akisaidia kuliko tulivyokubaliana. Wenye majirani walikuwa wepesi zaidi, hilo lilionekana kwa macho. Walikwama kwenye "set aside", kwa kuwa nilitoa tafsiri mbili, kutenga na kutengua, na hakuna aliyejua mahakama inatengua nini. Nimeongeza mfano wa hukumu.

Ukurasa wa sit na set, lala na laza, ndio uliowachangamsha. Kijana mmoja aliuliza kama "die" na "dye" nazo ni kufa na kufisha. Hapana, ila swali ni zuri. Nimelitia kwenye zoezi.

24 Aprili

Kitomeo kimekwenda kwa mpangaji kurasa. Nilikuwa na nafasi ya kurasa mbili, nilipeleka tano, tumekubaliana tatu. Walioondoka: kito na pete, jeli, meno ya msumeno yanayopindwa huku na huku, ruzuku, makalio (nimeshindwa), na kiti cha pepo, ambacho mhakiki alikizungushia duara na kuandika "kizuri, lakini". Jozi za kutendesha zimebaki na ukurasa wao kamili. Mzee wa baraza amebaki. Saizi imebaki kama kisanduku chini ya ukurasa, pamoja na mchoro wa mizani na mkate.

Vitabu teule vimeongezwa dakika ya mwisho, baada ya rafiki wa Mombasa kutukumbusha kwamba "set book" ya mitihani ya Kenya haina uhusiano na seti ya vitabu; ni kitabu kilichopangwa kisomwe, kile tu.

Mwenzangu amefika kwenye "run a temperature" na kuniuliza homa inakimbia au inapanda. Nimemwambia aandike ana homa. Mimi nimepewa "bear", ambayo nusu yake ni kubeba na nusu kuzaa. Nimeomba nipewe pia "birth" na "burden", zisije zikaangukia kwa mtu mwingine akaziandika mbali na mama yao.